Mwanga Ambao Jani Huukataa

Mkulima hahitaji chombo kujua kwamba mahindi yake yana kiu. Saa saba mchana majani hujiviringa, jioni yakafunguka; kiu ikizidi, hata asubuhi huyakuta yamejiviringa. Upungufu wa naitrojeni nao haufichiki: umanjano huanzia kwenye ncha za majani ya chini, ukafuata mshipa wa kati. Jicho la mkulima ni kipimo cha kweli, ila lina mipaka miwili. Linaona shamba moja tu kwa wakati, na mara nyingi linaona dalili pale mmea umekwisha kuumia.

Historia hii ni ya watu waliotaka kuvuka mipaka hiyo kwa kuchunguza mwanga unaorudi kutoka kwenye jani, hasa ule ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa. Imechukua zaidi ya miaka 200. Husimuliwa zaidi kama habari ya setilaiti, nami naona hapo inapunjwa, kwa sababu kila namba inayotoka angani imesimama juu ya majani ambayo mtu fulani aliyachuma, akayapima, akayasaga na kuyakausha.

1800–1915: Magunduzi mawili yasiyojuana

Mwaka 1800, huko Slough, Uingereza, mwanafalaki William Herschel alikuwa akitazama jua kupitia vioo vya rangi mbalimbali. Aligundua kwamba vioo vingine vilipitisha joto jingi na mwanga haba, vingine kinyume chake. Akataka kujua ni rangi ipi inayobeba joto. Aliupasua mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto katika rangi moja baada ya nyingine, kisha akakisogeza kupita ukingo wa nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu. Zebaki ikapanda kuliko ilivyopanda penginepo pote. Hivyo ndivyo mwanga tunaouita infraredi ulivyojulikana.

Mwaka 1817, wafamasia wawili wa Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou, walitenga kitu kinachoyapa majani ukijani wao, wakakiita klorofili. (Ni hao hao ambao mwaka 1820 walitenga kwinini kutoka kwenye gome la msinkona, dawa iliyokuja kuokoa maisha mengi katika nchi zenye malaria.) Mwanzoni mwa karne ya 20, Mikhail Tsvet, Mrusi aliyefanya kazi Warsaw, alimimina rangi za majani juu ya chaki iliyoshindiliwa ndani ya mrija wa kioo. Zilivyoshuka zikajitenga tabaka kwa tabaka, na klorofili ikadhihirika kuwa ya aina mbili, pamoja na rangi za manjano zilizojificha nyuma yake. Mjerumani Richard Willstätter aliendeleza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa cha majani makavu ya upupu wa Ulaya, akathibitisha kwamba klorofili hubeba magnesiamu, na mwaka 1915 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwanzoni mwa karne hiyo ilikuwa imeeleweka kwamba klorofili humeza mwanga wa bluu na nyekundu na kuacha sehemu ya kijani irudi. Lakini hakuna aliyekuwa amechunguza kwa makini jani linafanya nini na ule mwanga wa Herschel.

1910: Miti myeupe

Jibu la kwanza lilikuja kwa picha. Robert Williams Wood, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alitengeneza kichujio kilichozuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi, akakiweka mbele ya kamera. Picha alizozichapisha mwaka 1910 ziliwashangaza watu: anga lilikuwa jeusi, na miti iliyojaa majani mabichi ilikuwa myeupe pe, ingawa zilipigwa mchana wa jua kali.

Maana ya picha hizo ni kubwa. Jani zima lenye afya hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga mwekundu unaoliangukia, na katika kijani kiasi cha moja ya kumi au kuzidi kidogo. Ukisogea hadi infraredi ya karibu, mawimbi ya takribani nanomita 750 hadi 1,300, jani hilo hilo hurudisha karibu nusu. Sehemu kubwa ya kinachobaki hupenya na kutokea upande wa pili. Kinachomezwa ni kidogo mno.

Sababu iko ndani ya jani, na Willstätter pamoja na Arthur Stoll waliieleza mwaka 1918. Katika majani mengi seli za upande wa chini zimepangika kwa ulegevu, huku hewa ikijaa kati yake. Kila mara mwanga unapotoka kwenye ukuta wa seli wenye unyevu kuingia kwenye hewa, hupinda au hurudi. Ukipita mipaka hiyo mara nyingi hutawanyika pande zote, na sehemu kubwa hutoka ulikoingilia. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: ukiondoa hewa hiyo na kujaza maji kwenye nafasi zake, uakisi wa jani hushuka mara moja. Klorofili, kwa upande wake, haizuii mawimbi hayo hata kidogo.

Miaka ya 1960 mwanafizikia David Gates alieleza faida ya jambo hili kwa mmea. Nguvu ya mawimbi hayo ni ndogo mno kuendesha usanisinuru. Jani likiyameza yangelipasha joto bure. Basi linayakataa. Kati ya mwekundu unaomezwa na infraredi inayokataliwa uakisi hupanda ghafla mno, kuanzia karibu nanomita 680 hadi 750. Wataalamu wameupa mpando huo jina la ukingo mwekundu, na nusu ya habari iliyobaki inauhusu.

1943–1971: Kutoka vitani hadi shambani

Vita vya Pili vya Dunia viliigeuza ajabu ya Wood kuwa silaha. Kampuni ya Kodak ilitengeneza filamu ya rangi inayoandika infraredi: mimea hai ilitokea nyekundu, ilhali turubai na vyandarua vilivyopakwa rangi ya kijani ili kuficha mizinga vilitokea na rangi ya bluu. Jicho la rubani lingeweza kudanganywa na rangi ya kijani, filamu haikudanganyika.

Vita vilipokwisha, ujuzi huo ulirudi kwenye kilimo. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwamba magonjwa ya nafaka yanaweza kutambuliwa kwa picha za ndege zilizopigwa kwa filamu za aina hiyo. Katika Umoja wa Kisovyeti, mtafiti Krinov alikuwa amechapisha mwaka 1947 vipimo vya uakisi wa mamia ya nyuso za asili, kuanzia udongo hadi misitu.

Kisha likaja janga. Mwaka 1970 ukungu wa majani ulishambulia mahindi ya Marekani, ambayo sehemu kubwa ilitokana na mbegu zenye asili moja ya kijenetiki iliyokosa kinga, na takribani asilimia 15 ya mavuno ya nchi ikapotea. Mwaka uliofuata serikali iliendesha jaribio kubwa katika majimbo saba: ndege za juu zilipiga picha za infraredi, maofisa wa ugani wakakagua mashamba kwa miguu, na maabara ya Chuo Kikuu cha Purdue ikalinganisha matokeo. Mashamba yaliyoathirika vibaya yalitambulika. Dalili za mwanzo, ambazo ndizo mkulima angezihitaji ili aokoe chochote, zilikuwa ngumu kuziona. Hata hivyo jaribio lile liliacha utaratibu ambao haujapitwa na wakati: picha bila vipimo vya ardhini haina thamani.

Kinu, asetoni na mizani

Hapa inafaa tusimame, maana vipimo hivyo vya ardhini vina historia yao. Tangu mwaka 1949, watu wengi wamepima klorofili kwa njia iliyoenezwa na Daniel Arnon wa Berkeley. Unakata vipande vya jani vya eneo unalolijua. Unavisaga kwenye kinu kidogo cha kauri pamoja na asetoni ya asilimia 80, mahali penye mwanga hafifu, kwa sababu klorofili iliyotoka ndani ya seli huharibika upesi ikipigwa na jua. Unachuja mpaka masalia yabaki meupe. Maji yale ya kijani unayaweka kwenye kipimamwanga na kusoma ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa katika nanomita 645 na 663, kisha hesabu mbili fupi zinakupa kiasi cha klorofili ya aina zote mbili.

Kwa maji hata kemikali hazihitajiki. Jani hupimwa uzito mara tu linapochumwa, huwekwa kwenye tanuri mpaka uzito uache kushuka, kisha hupimwa tena. Tofauti ni maji. Ukiigawa kwa eneo la jani unapata unene ambao maji hayo yangekuwa nao yakitandazwa juu yake, na kwa majani mengi unene huo ni karibu moja ya kumi ya milimita.

Ni kazi ya subira, na inaliua jani. Huwezi kulipima jani lile lile kesho, wala kuusaga msitu mzima. Ndiyo maana uakisi ulitamaniwa: unaliacha jani likiwa hai.

1972–1974: Namba moja kwa uoto wote

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Chombo chake cha kupimia, kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood, kiligawa mwanga katika bendi nne: kijani, nyekundu na mbili za infraredi ya karibu. Kila nukta ya picha ilikuwa na upana wa takribani mita 80.

Huko Texas, John Rouse na wenzake walitaka kufuatilia jinsi ukijani wa nyanda za malisho unavyopanda kuelekea kaskazini majira ya kuchipua na kurudi nyuma majira ya kukauka. Mwaka 1969 Carl Jordan alikuwa amekwisha kugawa infraredi kwa mwekundu ili kukadiria wingi wa majani ya msitu wa mvua. Tatizo la Rouse lilikuwa jua: pembe yake hubadilika kwa latitudo na kwa msimu, na mwanga wote ukabadilika nayo. Suluhisho lao lilikuwa kutoa mwekundu kutoka kwenye infraredi, kisha kugawa jibu kwa jumla ya hizo mbili. Mwanga ukipungua, juu na chini ya mgawanyo hupungua pamoja, na jibu halitikisiki sana. Hiyo ndiyo fahirisi ya uoto inayojulikana kote kwa herufi NDVI.

Wepesi wake uliifanya ienee, na wepesi huo huo ulizaa makosa. Watu walianza kuisoma kana kwamba inajibu kila swali: wingi wa majani, afya, klorofili, ukame, mavuno. Kwa kweli inaonyesha ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa na majani yanayomeza mwekundu, basi.

1981–1987: Afrika inatazamwa kila siku

Landsat ilirudi mahali pale pale kila baada ya siku 18, na mawingu yakiwapo siku hiyo, nafasi imepotea. Compton Tucker wa shirika la anga la Marekani, NASA, aligeukia setilaiti za hali ya hewa. Picha zake hazikuwa kali, lakini zilipatikana kila siku, na kwa kuchagua siku isiyo na mawingu kwa kila nukta aliweza kuunda ramani safi ya bara zima. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha uainishaji wa uoto wa Afrika yote kwa njia hiyo.

Ulikuwa wakati mbaya. Njaa ya Ethiopia na Sudan ya 1984 na 1985 ilikuwa imeua watu wengi mno huku dunia ikichelewa kushtuka, na mwaka 1985 Marekani ikaanzisha mtandao wa kutoa tahadhari za njaa, uliotegemea ramani za NDVI kama moja ya nguzo zake.

Matumizi mengine ya siku hizo yalizaliwa Kenya. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa huishi ndani ya mayai ya mbu yaliyolala kwenye udongo wa mabonde madogo. Mvua kubwa ikiyafurika, mayai huanguliwa na ugonjwa huvamia mifugo, kisha watu. Mwaka 1987 Kenneth Linthicum, Tucker na wenzao walionyesha kwamba ukijani wa uoto unaoonekana kutoka angani huenda sambamba na hali zinazoleta mlipuko. Karibu miaka 20 baadaye, mwishoni mwa 2006, tahadhari iliyojengwa juu ya msingi huo ilitolewa wiki kadhaa kabla ya wagonjwa kuanza kuonekana Garissa.

Kwa nini maji yalichelewa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ukame ndio adui, kwa nini miaka yote hiyo walipima ukijani na kuacha maji yenyewe? Sababu ni vifaa.

Maji humeza infraredi katika sehemu maalumu, nazo zilijulikana vizuri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: kwa udhaifu karibu na nanomita 970 na 1,200, kwa nguvu karibu na 1,450 na 1,940. Lakini filamu huishia chini ya nanomita 1,000, na silikoni ya vihisio vya kawaida haioni kitu kupita 1,100 hivi. Alama kubwa za maji zilikuwa nje ya upeo wa vyote viwili. Kuzifikia kulihitaji vihisio vya madini mengine, vinavyopozwa hadi baridi kali.

Kulikuwa na kikwazo cha pili. Hewa nayo ina mvuke, na mvuke humeza mawimbi karibu yale yale. Katika 1,450 na 1,940 setilaiti huona unyevu wa anga tu. Mwaka 1980 Tucker alipendekeza bendi ya kati ya vizuizi hivyo viwili, nanomita 1,550 hadi 1,750, ambako anga ni wazi na maji ya jani bado yanameza vya kutosha. Bendi hiyo iliruka na Landsat 4 tarehe 16 Julai 1982.

Mambo yakaenda kasi. Michael Hardisky na wenzake waliunda mwaka 1983 fahirisi ya maji kwa kulinganisha bendi hiyo na infraredi ya karibu, wakiijaribu kwenye nyasi za vinamasi vya pwani ya Delaware. Mwaka 1993 Josep Peñuelas na wenzake wa Barcelona walirudi kwenye alama dhaifu ya 970, ambayo silikoni huifikia, hivyo kifaa cha mkononi kikaweza kuisoma shambani. Mwaka 1996 Bo-Cai Gao alilinganisha nanomita 860 na 1,240. Aliichagua 1,240 kwa sababu maji huimeza kidogo tu, na mwanga unaweza kushuka tabaka kadhaa za majani kabla ya kurudi na habari zake.

Katikati ya shangwe hiyo, Raymond Hunt na Barrett Rock walitoa mwaka 1989 onyo ambalo linastahili kusomwa hata leo. Walipima majani yakikauka, wakakuta kwamba fahirisi hufuata vizuri jumla ya maji. Lakini mmea huanza kuteseka ukiwa umepoteza sehemu ndogo tu ya maji yake, na badiliko hilo ni dogo mno kuonekana. Jani nene lenye kiu linaweza kuwa na maji mengi kuliko jani jembamba lililoshiba. Uakisi unapima maji yaliyomo. Kiu yenyewe ni swali jingine.

Ukingo mwekundu

Klorofili nayo ilikuwa na mtego wake. Karibu na nanomita 680 humeza kwa nguvu kiasi kwamba hata kiasi kidogo chake kinatosha kumaliza mwekundu wote. Jani lenye klorofili ya wastani na lile lililojaa hurudisha mwekundu ule ule, kama karai lililokwisha kufurika: ukiongeza maji, kina hakibadiliki. NDVI, kwa kuwa imejengwa juu ya mwekundu huo, haiwezi kutofautisha shamba lenye naitrojeni ya kutosha na lile lililoanza kupungukiwa.

Njia ya kutokea ilikuwa ule mpando wa ghafla. Mwaka 1983 David Horler na wenzake walieleza kwamba klorofili ikiongezeka, ukingo mwekundu husogea kuelekea mawimbi marefu, na ikipungua hurudi. Mwaka 1994 Anatoly Gitelson na Mark Merzlyak walichapisha vipimo vya majani ya miti miwili ya Ulaya yakigeuka kutoka kijani hadi manjano wakati wa kupukutika. Waliona kwamba karibu na 700, na katika kijani karibu na 550, uakisi huendelea kubadilika hata klorofili inapokuwa nyingi, kwa sababu huko humeza kwa udhaifu. Bendi zilizodharauliwa ndizo zilizokuwa na jibu.

Wafaransa Stéphane Jacquemoud na Frédéric Baret walichukua njia nyingine. Mwaka 1969 William Allen na wenzake wa Weslaco, Texas, walikuwa wamelieleza jani kihesabu kuwa bamba linalomeza na kutawanya mwanga. Mwaka 1990 Wafaransa hao walitoa modeli ya PROSPECT: ipe muundo wa ndani wa jani, kiasi cha klorofili na unene wa maji, nayo itachora uakisi kuanzia nanomita 400 hadi 2,500. Ukiigeuza, uakisi uliopimwa unakurudishia klorofili na maji, kila kimoja peke yake. Ikaunganishwa na modeli ya Mholanzi Wout Verhoef ya mwaka 1984, inayoeleza majani yakiwa pamoja shambani. Na ili kujua kama hesabu zinasema kweli, kiangazi cha 1993 huko Ispra, Italia, majani ya spishi kadhaa yalipimwa uakisi, kisha yakaenda njia ya siku zote: mizani, tanuri na kinu.

Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2A, iliyorushwa tarehe 23 Juni 2015, ilikuwa na bendi za ukingo mwekundu katika 705, 740 na 783, pamoja na bendi za maji, kwa nukta za mita 20, na data zake ni bure. PRISMA ya Italia ya 2019 na EnMAP ya Ujerumani ya 2022 zinagawa mwanga katika bendi zaidi ya 200.

Marsabit na mathenge

Januari 2010 wafugaji wa Marsabit, Kenya, walianza kuuziwa bima ya mifugo iliyobuniwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, na washirika wake. Hakuna ofisa anayehesabu mizoga. NDVI ya eneo ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, bima inalipa, na malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2011, mwaka wa ukame mkali. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili fedha zifike mapema, mfugaji anunue chakula na maji wakati ng'ombe wangali hai. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake, ikianzia Turkana na Wajir.

Naiunga mkono bima hiyo, na ndiyo sababu udhaifu wake unanisumbua. Katika maeneo kame ya Kenya umeenea mti wa mathenge, ulioletwa kutoka Amerika na kupandwa kwa wingi Baringo miaka ya 1980. Mizizi yake huchimba mbali chini, hivyo hubaki kijani wakati nyasi zimekauka. Mifugo hula maganda yake, majani huyaacha. Kwa NDVI, klorofili ya mathenge na klorofili ya nyasi ni kitu kimoja, na penye mathenge mengi namba inaweza kubaki juu huku malisho yakiwa yamekwisha. Bendi za kuvitenganisha sasa zipo. Kinachotakiwa ni majani ya huko huko, ya mathenge na ya nyasi, yachumwe masika na kiangazi, yapimwe uakisi papo hapo, kisha yasagwe na kukaushwa, ili kiwango cha malipo kifuate kile ambacho ng'ombe anakula.